Uswahilini: ni jina la mdomoni tu au kuna aliyegawa mji?

Msaidizi wa dalali: Wakuu, natafutia watu vyumba Dar, mwaka wa pili huu. Mteja akilalamika bei, bosi anamjibu, "Basi nenda Uswahilini." Kwetu Mbeya nako kuna Uhindini na Uzunguni. Haya majina yalianzaje?

Mjukuu wa Kariakoo: Mdogo wangu, kwa ramani na sheria. Mjerumani alianza na kanuni za ujenzi za 1891, Mwingereza akaja na kanda tatu: ya kwanza nyumba za Kizungu, upande wenye upepo wa bahari, ya pili maduka na makazi ya Wahindi, ya tatu sisi Waafrika, ndiyo Uswahilini. Sheria ya Mwingereza haikutaja rangi, maana Tanganyika alikabidhiwa na Shirikisho la Mataifa na angeulizwa. Ikataja aina ya nyumba. Ujanja huo!

Ukipita Mnazi Mmoja, ule uwanja uliachwa wazi makusudi, kuitenga Kariakoo yetu na Uhindini. Eti mbu na magonjwa. Wapishi na mayaya wetu waliukatiza kila alfajiri, hao mbu hawakuwafuata.

Nyumba ya bibi ilikuwa ya miti na udongo, vyumba sita, korido katikati, choo uani, paa la madebe yaliyopasuliwa na kugongwa yakawa bapa. Kila baada ya masika alikanda udongo akaziba kuta. Si kwamba hela hakuwa nayo: alikaanga vitumbua, alipangisha vyumba vinne. Ila kiwanja kilikuwa cha kibali cha muda mfupi. Nani azike tofali kwenye ardhi ya kuazimwa?

Mama Ilala: Na hospitali je? Ocean Road Wazungu, Sewa Haji Waafrika na Wahindi. Shule ndiyo hivyo hivyo, mpaka zilipounganishwa 1962.

Msaidizi wa dalali: Lakini kaka, Oysterbay, kule kulikokuwa kwa Wazungu, si wanakaa Waafrika siku nyingi?

Mjukuu wa Kariakoo: Wanakaa. Baada ya uhuru wakubwa wetu waliingia nyumba zilezile, bustani zilezile. Wewe upo kwenye kazi hiyo, hebu pima: bustani moja ya kule inameza nyumba ngapi za Uswahilini kama Manzese? Mjomba alipeleka karatasi za kiwanja cha bibi benki kuombea mkopo, akaulizwa hati iko wapi. Akarudi, akapangisha na chumba cha marehemu bibi.