Nakala za Arduino: ni wizi, au ndivyo wenyewe walivyoruhusu?

Wadau, kila bodi za Arduino zinapotajwa, yaani bodi ndogo za kielektroniki unazozipangia kazi kwa kompyuta, hoja ni ileile: anayenunua nakala ya Arduino Uno anamwibia aliyeibuni. Naipinga, na naomba tuijadili.

Arduino ilianzia Ivrea, Italia, mwaka 2005. Waanzilishi waliweka michoro hadharani kwa leseni inayomruhusu yeyote kutengeneza bodi na kuiuza, mradi awataje, na akiibadilisha michoro aitoe kwa masharti yaleyale. Walichojibakizia ni jina na nembo. Kwa hiyo kiwanda cha Shenzhen, China, kinachouza bodi ileile kwa jina lake chenyewe hakijamkosea mtu. Kinachobandika neno Arduino kwenye bodi isiyo yao, hicho kinaghushi, na hapo sina utetezi.

Itazameni bodi yenyewe. Karibu na tundu la USB, Uno R3 halisi ina chipu ya ATmega16U2 inayoiunganisha na kompyuta. Nakala nyingi zina CH340, chipu ya Kichina ya bei nafuu, na mara nyingine lazima upakue draiva, yaani programu ndogo ya kuiendesha chipu hiyo, ndipo kompyuta iitambue. Usumbufu upo, lakini kuna mtu aliyekaa akatafuta njia ya kushusha gharama. Kwa mwanafunzi anayejinunulia vifaa Luthuli Avenue, Nairobi, tofauti ya bei ndiyo inayoamua kama ataunda kitu au ataishia kutazama video za wenzake.

Penye ugumu ni kwenye printa za 3D. Nyingi zina asili katika RepRap, mradi wa wazi wa printa, ambao michoro yake yeyote anaweza kuitumia, ulioanzishwa na Adrian Bowyer wa Chuo Kikuu cha Bath. Kampuni ya printa ya MakerBot ilikulia humo, kisha mwaka 2012 ikaificha michoro ya printa yake Replicator 2. Hilo liliniuma kuliko nakala yoyote ya Kichina: walikula kwa wenzao, kwao wakafunga mlango. Mwaka 2023 Josef Průša, mtengenezaji wa printa za wazi wa Ucheki, naye aliandika kwamba washindani wanachukua bila kurudisha, akataka leseni mpya. Namwelewa, maana anayelipa wahandisi hawezi kushindana kwa bei na asiyewalipa. Lakini Creality, kampuni ya Kichina ya printa, waliolaumiwa miaka mingi kwa kukaa na mabadiliko yao, walitoa michoro ya printa yao Ender 3 mwaka 2018 baada ya kubanwa na watumiaji.

Kwangu mimi wa kubanwa ni anayechukua, akaboresha, kisha akaficha. Ninyi mnaotaka nakala zote zisusiwe, mtamwambia nini yule mwanafunzi?