Mabehewa ya watalii kwenye reli yetu ya Lubumbashi: tuyapokee au tuyakatae?

Mwalimu wa Katuba
Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo hili kwa utulivu. Julai 2019 treni binafsi ya Rovos Rail, kampuni ya Pretoria, iliondoka Dar es Salaam na watalii wake, ikapita Zambia, ikaingia kwetu Kongo kwa njia ya Sakania, ikaendelea Lubumbashi, Likasi, Tenke, Kolwezi na Dilolo, kisha ikamalizia Lobito, Angola, katika safari ya siku 15. Tangu hapo nawasikia vijana wa mjini wakitaka kikundi chochote, kiwe cha wageni au cha wenyeji, kiruhusiwe kukodi behewa lake na kwenda kutazama nchi hadi Kolwezi. Swali langu ni hili: reli ambayo mwananchi huisubiri siku nyingi ili afike Kamina, je, ni haki ifunguliwe kwanza kwa anayesafiri kwa kujifurahisha? Tusisahau kwamba reli hii ni ya njia moja, na treni moja ikipewa nafasi, nyingine husimama stesheni kuipisha. Mimi naelekea kukataa. Na hata tukikubali, basi zile meza za wauzaji zilizobanana kando ya reli pale Njanja ziondolewe kwanza, kwa sababu zinatutia aibu mbele ya wageni.

Mama wa Samaki Wakavu
Jambo, Mwalimu. Nimeisoma barua yako yote, lakini neno lililobaki nami ni moja, nalo ni aibu. Nimewasomesha watoto wanne kwa meza hiyo. Nikisikia honi ya treni nazishika pembe nne za kitambaa, nainua samaki wote kwa mara moja, narudi hatua tatu nyuma, mabehewa yanapita yakinipulizia vumbi usoni, kisha natandika tena na kupanga mafungu yangu kama yalivyokuwa. Hakuna mgeni aliyewahi kuniambia kwamba nimemtia aibu. Wewe ndiye wa kwanza.

Mtoto wa Dereva
Mama, heshima yako naitunza, lakini niruhusu nikuambie kitu ambacho aliye chini hakioni. Marehemu baba yangu aliendesha treni za madini kwa miaka mingi. Treni iliyojaa haisimami kama gari la barabarani. Dereva anafunga breki, na uzito wa nyuma unaendelea kumsukuma mamia ya mita. Siku moja alirudi nyumbani, akaketi mbele ya bukari na sombe bila kugusa chochote hadi chakula kikapoa, kwa sababu mtoto alikuwa amekimbilia chungwa lililoviringika katikati ya reli, na baba alipiga honi akijua hawezi kufanya jambo lingine lolote. Mtoto alipona. Baba hakulala. Kwa hiyo anayesema meza ziondolewe si lazima awe anawadharau mama zetu.

Mama wa Samaki Wakavu
Mwanangu, baba yako namheshimu. Yeye angesema hatari na ningemsikiliza. Mwalimu hakusema hatari, alisema aibu, tena mbele ya wageni, maana yake hatari yetu sisi tunaokaa hapo kila siku haikumsumbua mpaka wageni walipotajwa.

Ndugu wa Likasi
Mnaacha jambo kubwa na kushikilia meza, kama ilivyo kawaida yenu watu wa Lubumbashi. Machi 2022, pale Buyofwe katika eneo la Lubudi, treni ya mizigo iliacha reli ikiwa imebeba mamia ya watu waliokuwa wamepanda kinyume cha sheria, na hesabu ya waliokufa iliyotangazwa ilifikia 75. Watu wale hawakupanda juu ya mizigo kwa kupenda upepo. Walipanda kwa sababu treni za abiria ni chache mno, na mtu mwenye mgonjwa au mwenye magunia ya mahindi hawezi kungoja bila kujua atangoja mpaka lini. Reli hii ilifika Lubumbashi mwaka 1910 au 1911, na baada ya zaidi ya miaka mia moja bado tunapanda juu ya mizigo. Anayetaka kuingiza behewa lenye kitanda na bafu kwenye njia hiyo atueleze kwanza ni nani atakayempa kiti yule aliyepanda juu ya gunia.

Kijana wa Kampemba
Yaya wa Likasi, "kama ilivyo kawaida yenu watu wa Lubumbashi" ilikuwa ya nini? Reli ilifika hapa mwaka 1910 ikitokea Rhodesia, na ninyi wa Likasi mliipata baada yetu. Sioni kwa nini mtu ashindwe kutoa hoja yake bila kuutukana mji mzima.

Ndugu wa Likasi
Sikuutukana mji, mdogo wangu. Nilitaja watu 75 waliokufa, na wewe umejibu kuhusu Likasi na Lubumbashi. Mwaka nimeupokea, ni 1910, asante. Sasa lijibu lile swali la kiti.

Mlushois wa Ughaibuni
Naomba nichangie kutoka Marekani, ninakoishi. Huku wapo watu wenye mabehewa yao binafsi, baadhi yakiwa ya zamani sana yaliyokarabatiwa kwa uangalifu, na vikundi vya watalii huyakodi kwa safari za siku kadhaa. Hawaendeshi treni yao wenyewe. Behewa huungwa kwenye treni ya kawaida ya Amtrak, kampuni ya taifa ya treni za abiria huku, na mwenyewe hulipa kwa kila maili; mwaka 2018 Amtrak ilibana masharti, lakini utaratibu haukufa. Kwetu tungeweza kuweka sharti moja: behewa la watalii liende tu likiwa limeungwa kwenye treni ya abiria wa kawaida. Hapo anayetaka kutazama vilima vya Likasi kupitia dirishani atalazimika kuhakikisha kwamba treni ya mwananchi inaondoka, kwa sababu isipoondoka hata yeye haondoki, na fedha anazolipa zitasaidia kuivuta treni hiyo. Hilo ndilo jibu langu kuhusu kiti.

Kijana wa Kampemba
Ndugu wa ughaibuni, wewe uliye mbali unaona ni rahisi. Behewa lao litakuwa na pazia na kiyoyozi, na linalofuata litakuwa na watu wanne kwenye kiti cha watu wawili. Umewahi kufikiria watakavyotazamana kwenye stesheni?

Mlushois wa Ughaibuni
Nimefikiria, kwa sababu mimi nilikuwa mmoja wa hao wanne, nikiwa na miaka tisa, nimelala juu ya mizigo ya mama yangu mkubwa tukienda Kamina. Ningependa watazamane. Kinachoniumiza zaidi ni treni ya wageni kupita peke yake, na sisi tusiwe na treni yoyote ya kulinganisha nayo.

Mwalimu wa Katuba
Nimesoma yote. Mama, neno aibu nililiandika bila kulipima, na nakuomba radhi; ningepaswa kusema hatari, kama alivyosema Mtoto wa Dereva. Hata hivyo sibadilishi msimamo kuhusu nafasi ya kupishana, kwa sababu behewa likiungwa au lisipoungwa, treni za shaba hupewa nafasi kabla ya watu, na hapo ndipo ningetaka tubishane.

Mtoto wa Dereva
Mwalimu, hapo nakuunga mkono. Lakini meza nazo zinahitaji mahali. Tukisema zisogee, tuseme zisogee wapi, kwa umbali gani, na ni nani atakayezuia eneo hilo lisiuzwe viwanja kesho yake.

Mama wa Samaki Wakavu
Radhi nimeipokea, Mwalimu. Kusogea tutasogea, tukionyeshwa mahali ambapo abiria anaweza kutufikia kwa miguu kabla treni haijaondoka. Nami nina swali ambalo hakuna aliyeliuliza tangu asubuhi: hiyo treni ya watalii itasimama Lubumbashi, au itapita tu? Kama itasimama, mtuambie ni kwa muda gani, ili tujue kama tukaange samaki mapema au tuwalete wakavu.