Selebi alifungwa kwa haki au alitolewa kafara?

Kangomba Mstaafu: Wakuu, jana barazani hapa Chikongola, Mtwara, tumebishana mpaka kahawa ikapoa. Ishu ni Jackie Selebi, yule aliyekuwa mkuu wa polisi Afrika Kusini na rais wa Interpol, shirika la polisi la kimataifa, kuanzia 2004 hadi 2008. Mwaka 2010 mahakama ilimtia hatiani kwa rushwa, akala miaka 15. Aliyekuwa akimpa bahasha ni rafiki yake Glenn Agliotti, mtu wa magendo ya dawa za kulevya. Mimi nasema jamaa alitolewa kafara. Kambi ya Mbeki, rais wa wakati ule, na kambi ya Zuma, mpinzani wake ndani ya chama chao cha ANC, zilikuwa zinapigana, na wapiganapo tembo nyasi huumia. Karibuni.

Mama Ufuta: Nyasi? Mkuu wa polisi wa nchi nzima, rais wa Interpol, wewe unamwita nyasi? Huo ni mbuyu, kaka. Nyasi ni sisi tunaosimamishwa na gunia moja la ufuta na kuulizwa kibali.

Kangomba Mstaafu: Methali tu hiyo, dada. Jibu hoja.

Mama Ufuta: Najibu. Alipoulizwa kuhusu Agliotti alisema ni rafiki yake, basi, mjadala umefungwa. Mkuu wa polisi anajivunia muuza unga mchana kweupe! Hapo kafara iko wapi?

Shangani Boy: Halafu nasikia alihongwa viatu. Bosi mzima!

Mwl. wa Newala: Si viatu tu. Jaji Joffe aliona amepokea zaidi ya randi 120,000, ukiachilia mbali nguo. Na kafara gani hiyo ambayo rais anaikinga? Septemba 2007 Vusi Pikoli, mkuu wa waendesha mashtaka, alishapata hati ya kumkamata Selebi. Mbeki akamsimamisha kazi Pikoli.

Kangomba Mstaafu: Mwalimu, Mbeki alisema sababu ni Pikoli kutoelewana na waziri wake.

Mwl. wa Newala: Haya.

Shangani Boy: 😂 Mwalimu kajibu kwa neno moja.

Kangomba Mstaafu: Mnacheka, lakini mbona hamsemi aliyetoa hongo alienda wapi? Agliotti alikubali kosa la dawa za kulevya, akapewa kifungo cha nje, akageuka shahidi wa serikali. Mpokeaji anafungwa, mtoaji yuko mtaani anakunywa chai. Hapa kwetu sheria ya rushwa ya 2007 inawabana wote wawili, mtoaji na mpokeaji.

Mama Ufuta: Kwenye karatasi. Mwaka juzi nilisimamishwa na mizigo yangu, sitataja wapi. Nikaambiwa "mama, tufikirie na sisi". Nikawafikiria. Sasa na mimi nifungwe?

Shangani Boy: Kwa sheria ya Mstaafu, ndiyo.

Mama Ufuta: Wewe mtoto una adabu? Ungekuwa na gunia 40 juani na gari la kukodi linalokudai, ungesema hayo?

Shangani Boy: Samahani mama. Natania.

Mzee Mnazi Mmoja: Wanangu, shikamooni hamjanipa lakini nasema. Mimi kinachoniuma si hongo. Hawa watu wa ANC tuliwalea sisi. Walikaa hapa Nachingwea, tukagawana nao muhogo, leo mtoto wao anakula na wauza unga.

Mwl. wa Newala: Shikamoo mzee. Ila Nachingwea walikuwa Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, akina Samora. ANC walikuwa Kongwa, baadaye Mazimbu na Dakawa kule Morogoro.

Mzee Mnazi Mmoja: Marahaba. Ulikuwa umezaliwa?

Mwl. wa Newala: Hapana mzee.

Mzee Mnazi Mmoja: Basi.

Mama Ufuta: Mwalimu yuko sahihi, mzee wangu. Mimi ni wa Nachi. Shamba Na. 17 lilikuwa la Frelimo. Lile jina lenyewe ni la mashamba ya karanga ya Mwingereza.

Shangani Boy: Karanga gani tena?

Mama Ufuta: Hamfundishwi? Baada ya vita kuu ya pili Mwingereza alitaka kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Trekta zikafa, mvua ikagoma, kufika 1951 wakaacha. Bandari yenu hiyo ya Mtwara mnayojidai nayo ilijengwa kwa ajili ya karanga zetu.

Shangani Boy: Karanga ambazo hazikuota 😂

Mzee Mnazi Mmoja: Na reli je? Reli ya Mtwara hadi Nachingwea ilikuwepo. Wakaing'oa. Hilo msinibishie, nimekanyaga tuta lake kwa miguu yangu.

Mwl. wa Newala: Hilo kweli, mzee. Ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya sitini kwa kukosa mizigo.

Mzee Mnazi Mmoja: Kukosa mizigo! Na korosho ilikuwa nini, maua?

Mama Ufuta: Hapo mzee umenena. Leo korosho ya Nachi ingeshuka kwa treni, nisingesimamishwa na mtu barabarani.

Kangomba Mstaafu: Jamani, mada ni Selebi. Kwanza hiyo miaka 15 hakuimaliza. Rufaa iligonga mwamba Desemba 2011, Julai 2012 katolewa kwa ugonjwa wa figo. Siku 229 tu.

Mama Ufuta: Si umesema kafara? Kafara gani inayorudi nyumbani?

Kangomba Mstaafu: Alikuwa mgonjwa kweli, dada. Alifariki Januari 2015. Mtu hadanganyi mpaka kaburini.

Mama Ufuta: Mungu amrehemu. Lakini kwenye magereza yetu wenye figo ni yeye peke yake?

Mwl. wa Newala: Hapo kuna mada nyingine kabisa.

Shangani Boy: Mzee, hilo tuta la reli unalosema lilipita upande gani? Nina pikipiki, Jumamosi naweza kwenda kuliangalia.

Mzee Mnazi Mmoja: Njoo nyumbani asubuhi, kabla jua halijakuwa kali. Na mafuta uweke wewe.