Mjadala: Bendi ipi ya roki iliitawala miaka ya 70? Mimi nasema Led Zeppelin, nipingeni

MTOA MADA, Dar es Salaam

Wakuu, habari za jioni. Juzi tumemzika baba yangu mdogo. Baada ya maziko tumekaa chini ya turubai tunasubiri pilau, simu ya kijana mmoja ikaita kwa lile gita la mwanzo la Smoke on the Water. Mzee mmoja akatabasamu: "Hiyo ndiyo ilikuwa bendi." Wa pembeni yake akamrukia: "Deep Purple? Mbele ya Queen?" Pilau lilipofika ubishi ulikuwa bado mbichi, na marehemu angekuwepo ndiye angepiga kelele kuliko wote. Nauleta hapa tuumalize.

Swali ni hili: kuanzia 1970 hadi mwisho wa 1979, bendi ipi ya roki ilikuwa juu ya zote? Kanuni yangu ni moja tu, nje ya miaka hiyo hakuna ushahidi. Beatles walivunjika 1970, msiwalete. Tamasha la Live Aid ni la 1985, najua mnalitamani, nalo msililete.

Mimi nasema Led Zeppelin. Huyo baba mdogo alikuwa baharia, akarudi safari moja na santuri ambayo kava lake halina jina la bendi wala la albamu. Ni picha tu ya mzee kainama, mzigo wa vijiti mgongoni, imetundikwa kwenye ukuta uliobambuka. Nyumbani tukaiita sahani ya Mzee Kuni. Nimekuja kujua ukubwani kwamba ni albamu yao ya nne, ya Novemba 1971. Na mwaka 2023 ikabainika kuwa yule mzee alikuwa mwezekaji wa nyumba za nyasi huko Wiltshire, enzi za Malkia Victoria. Kumbe zile hazikuwa kuni, ni fito. Tulimsingizia mzee wa watu miaka yote hiyo.

Sikilizeni ngoma za wimbo wa mwisho, When the Levee Breaks. John Bonham alipangiwa ngoma zake chini ya ngazi, kwenye ukumbi wa jumba kongwe la Headley Grange, Hampshire. Vipaza sauti viwili vikaning'inizwa kule juu ya ngazi. Kwa hiyo unachosikia ni pigo ambalo limeshapanda ghorofa, likagonga kuta, ndipo likafika. Baba mdogo alikuwa akiipiga ile sahani, vikombe vya kabatini vinaitikia. Bonham alifariki Septemba 1980 akiwa na miaka 32, na Desemba wenzake wakatangaza kuwa hawaendelei bila yeye. Muongo mzima ulikuwa wao, na ulipokwisha wakaisha nao. Nani mwingine?

WA UNGUJA

Mtoa mada, pole kwa msiba kwanza. Pili, umeanza vizuri ukamalizia pabaya.

Queen hawajaacha kitu. Hebu chukua Bohemian Rhapsody, 1975, tena imo ndani ya miaka yako. Dakika 5 na sekunde 55, wakati huo watu wa redio wanataka nyimbo za dakika tatu. Waliambiwa haitopigwa, ikakaa namba moja Uingereza wiki tisa. Ile sehemu ya katikati unayodhani ni kwaya ya watu mia, ni watu watatu: Freddie, Brian May na Roger Taylor. Waliimba, wakarudia juu yake, wakarudia tena, mpaka mkanda ukalika. Ukiuinua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Zeppelin kaweka ngoma chini ya ngazi, sawa. Hawa wamekwangua mkanda kwa sauti zao.

Na gita la May alilichonga yeye na baba yake nyumbani, shingo yake ni mbao ya meko la zamani. Analipiga kwa sarafu ya peni sita ya Kiingereza badala ya kipande cha plastiki.

Halafu humo ndani ya wimbo mtoto aliyezaliwa hapa kwetu anasema Bismillah, dunia nzima inaitikia. Nikae kimya mie?

WA MUSCAT

Yakhe, hapo kwenye "kwetu" ndipo nnapokupinga, na mimi mzee wangu ni wa Malindi, Unguja. Farrokh Bulsara, ndiye huyo Freddie Mercury, kazaliwa Zanzibar 1946, kweli. Utotoni kapelekwa shule India, karudi, na 1964 baada ya Mapinduzi familia ikahamia Feltham, kando ya London. Queen imezaliwa London 1970. Nyumba ya makumbusho yake pale Shangani imefunguliwa 2019, mtu keshafariki miaka 28. Tulimkumbuka watalii walipoanza kumuuliza. Msifu kwa sauti yake, cheti cha kuzaliwa kiweke mfukoni.

Tena mnaompenda kama Mwafrika, mwaka 1984 Queen walikwenda kupiga Sun City, Afrika Kusini ya makaburu, wakati Umoja wa Mataifa umeshataka wanamuziki wasiende. Chama cha wanamuziki Uingereza kikawatoza faini.

MTOA MADA

1984 haimo. Kanuni ni kanuni, hata inapowaokoa wapinzani wangu.

WA UNGUJA

Ahsante mtoa mada. Bwana wa Muscat, Sun City iliniuma na inaniuma, sitoitetea. Lakini cheti sikiweki mfukoni.

WA TANGA

Mmesahau Black Sabbath nyie. Tony Iommi alikuwa na miaka 17, siku yake ya mwisho kiwanda cha vyuma Birmingham, mashine ikamkata ncha za vidole viwili. Akayeyusha chupa ya plastiki ya sabuni, akajitengenezea kofia za vidole, na baadaye akalegeza nyuzi zisimuumize. Ule mngurumo mzito mnaousikia kwenye kila bendi ya metali umetoka kwenye vidole vile. Albamu mbili mwaka mmoja, 1970. Ozzy, mwimbaji wao, katutoka Julai 2025, wiki chache tu baada ya kuaga jukwaani kwao Birmingham akiwa amekaa kwenye kiti. Sina la kuongeza.

WA ARUSHA

Mimi nina swali kwa mtoa mada, na asiruke. Zeppelin wako walikuwa wanatunga au walikuwa wanachota? Whole Lotta Love ina maneno ya Willie Dixon, yaliyoimbwa na Muddy Waters mwaka 1962. Jina la Dixon halikuwekwa. Mzee wa watu akafungua kesi 1985, wakamalizana 1987, ndipo jina likaingia. Hata huo wimbo wako wa vikombe vya kabatini, asili yake ni Memphis Minnie na Kansas Joe McCoy, 1929, waliimba habari za mafuriko ya Mississippi ya 1927. Vijana wa Kizungu wanakuwa mamilionea kwa bluzi za watu weusi, sisi huku tunapiga makofi.

MTOA MADA

Memphis Minnie jina lake lipo kwenye sahani, ninayo hapa mbele yangu, nimelisoma sasa hivi. Dixon kweli alidhulumiwa. Lakini Whole Lotta Love ni ya 1969.

WA ARUSHA

Hahaha! Kanuni imegeuka mwavuli, ukinyesha unajifunika wewe.

WA MUSCAT

Nimecheka peke yangu ofisini.

WA NAIROBI

Nimesoma yote, na naona mnapima bendi kwa vipande: ngoma hapa, gita pale. Albamu ni kitu kizima. Na kwa kitu kizima hakuna aliyewafikia Pink Floyd.

The Dark Side of the Moon ilitoka Machi 1973. Kati ya 1973 na 1988 ilikaa wiki 741 kwenye orodha ya albamu 200 za Billboard kule Marekani. Mtoto alizaliwa, akaingia darasa la kwanza, akafika kidato, bado iko. Mwanzo wa wimbo wa Money unasikia sarafu, karatasi ikichanwa, mashine ya dukani ikifunguka, na vyote vinakwenda kwa mdundo. Hakukuwa na kompyuta. Walirekodi kila sauti, wakapima mkanda kwa rula, wakakata, wakaunganisha vipande kuwa duara linalozunguka bila kukoma. Halafu wimbo wenyewe unahesabiwa saba, si nne. Jaribu kuupigia makofi uone mikono itakavyokupotea.

Sijasema ni watakatifu. Yule mwanamke anayelia bila maneno kwenye The Great Gig in the Sky, Clare Torry, aliitwa jioni moja akalipwa pauni 30. Alienda mahakamani 2004, mwaka uliofuata wakapatana na jina lake likawekwa kama mtunzi pamoja na Richard Wright wa Floyd. Kwa hivyo wa Arusha, andika na hilo kwenye daftari lako.

Lakini hoja yangu kubwa ni Another Brick in the Wall. Ulitoka Novemba 1979, mtoa mada, umeponea chupuchupu kwenye kanuni yako. Wanaoimba mle ndani ni watoto wa shule ya Islington Green, jirani na studio yao London. Mwaka uliofuata wanafunzi weusi wa Afrika Kusini walipogoma kwa sababu ya elimu duni waliyotengewa, waliuimba huo wimbo, na serikali ya makaburu ikaupiga marufuku. Nitajieni wimbo wa Zeppelin uliopigwa marufuku na makaburu kwa sababu watoto wanaujua. Na nawaambia haya nikiwa mwalimu wa sekondari, yaani wimbo wenyewe unanisema mimi.

WA DODOMA

Niko hapa nasoma tu. Ila kwa kuwa uzi ulianza na simu kuita msibani: Smoke on the Water ni taarifa ya tukio. Tarehe 4 Desemba 1971 kasino ya Montreux, Uswisi, iliungua Frank Zappa akiwa jukwaani. Deep Purple walikuwa wamekuja kurekodi mle mle, wakauona moshi ukitanda ziwani. Yule mzee wa turubai alikuwa na haki ya kutabasamu.

WA MOMBASA

Wanangu, nyote mwasema mlivyosoma. Mie nlikuwa na duka la kurekodi kaseti, nawaambia watu walivyotaka. Mtu aja na kaseti tupu, yuanambia nijaze upande A na B. Sikumbuki hata mmoja aliyeniomba Led Zeppelin. Waliomba Eagles, waliomba Fleetwood Mac, waliomba Osibisa mpaka kaseti mama yangu ikachakaa nikanunua nyingine. Osibisa ni Waghana na watu wa Karibiani walioungana London 1969, na mwaka 1976 Sunshine Day iliingia ishirini bora Uingereza. Mbona hawamo kwenye ubishi wenu?

Eagles nao, ile albamu yao ya mkusanyiko ya 1976 ilithibitishwa Marekani mwaka 2018 kwa nakala milioni 38. Na nendeni hoteli yoyote ya kitalii kuanzia Diani hadi Watamu, bendi isiyojua Hotel California hailipwi. Miaka hamsini karibu, jioni kwa jioni. Kama huko si kutawala, basi nambieni kutawala ni nini.

WA NAIROBI

Mzee wangu, kwa kipimo hicho malaria ndiyo imetawala.

WA MOMBASA

We mwalimu, nimekusamehe kwa kuwa ni jioni.

WA LUBUMBASHI

Wandugu, bon, niseme na mimi. Mmehesabu London, Birmingham, California. Toka kwetu ukavuka mpaka tu, uko Kopabelti ya Zambia, na pale miaka ya 70 kulikuwa na roki yao wenyewe, leo inaitwa Zamrock. WITCH ndio vichwa. Mwimbaji wao Emmanuel Chanda alibandikwa jina la Jagari, ni Jagger wa Rolling Stones amepitia kwenye ulimi wetu. Tafuteni Lazy Bones!! ya 1975. Gita linakwaruza kama bati linavyoburutwa kwenye saruji, na chini yake mdundo ni wa kijijini kabisa. Kaunda alikuwa ameamuru redio ipige asilimia 95 muziki wa nyumbani, vijana wakaona wazi: tunataka roki, basi roki iwe ya nyumbani.

Halafu bei ya shaba ikaporomoka, pesa za kwenda dansini zikakauka, na baadaye UKIMWI ukawamaliza karibu wote. Jagari akabaki, akaenda kuchimba vito. Robert Plant, mwimbaji wa Zeppelin, hakuwahi kuchimba vito apate kula. Mnapouliza nani alitawala, mnauliza nani alikuwa na kampuni ya kusambaza sahani zake mpaka kwenye meli ya baba mdogo wa mtoa mada.

MTOA MADA

Wa Lubumbashi, sikuwahi kuisikia hiyo bendi. Nimeitafuta usiku, nimeisikiliza mara mbili, ya pili nikiwa nimevaa viatu tayari kwenda kazini nikachelewa. Ngoma hazimfikii Bonham, ila lile gita limenishika shingo. Na hilo la meli ni kweli. Angetia nanga kwingine ningekua nabishania bendi nyingine.

Zeppelin siwashushi. Floyd nimewapandisha wa pili kwa ajili ya wale watoto, Queen wa tatu, wa Unguja usininunie.

WA UNGUJA

Nishanuna.

MTOA MADA

Jambo la mwisho, nje ya mada kidogo. Jana ndugu wamegawana vitu vya marehemu, mimi nimepewa ile sahani na mashine yake, Philips ya zamani. Sahani nzima, ina mchubuko mmoja upande wa pili. Mashine inazunguka vizuri, sindano ndiyo imekatika. Nimezunguka Kariakoo maduka manne, wananionyesha sindano za cherehani. Arobaini inakaribia na ningependa ilie siku hiyo, hata kwa sauti ya chini uani. Kuna anayejua zinapopatikana?

WA MOMBASA

Sindano ninazo, zilibaki tangu nlipofunga duka. Geuza hiyo mashine chini, soma namba ilochapwa, unambie. Lakini upande B wanipigia Osibisa.