Yule mjuaji wetu wa Columbus na mdomo wake: ati mpigaji wa miaka 28 ni babu!

Wakuu, mods msiunganishe uzi huu na mwingine. Nina povu, na nalitoa lote hapa hapa.

Jina sitaji. Mnamjua. Mswahili yeyote aliyewahi kukanyaga uwanja wa Clippers, timu ya besiboli ya ligi ndogo hapa Columbus, Ohio, anamjua, sauti yake unaipokea ukiwa bado unatafuta pa kuegesha gari. Besiboli kaanza kuifuatilia juzi, leo profesa wa dunia nzima.

Jana usiku tunacheza na Toledo. Tumekaa chini kabisa, karibu na nyasi. Zamu ya mpigaji wetu mmoja inakaribia, kijana wa miaka 28, kahangaika ligi ndogo, zile za chini ya Ligi Kuu ya besiboli, tangu atoke chuo. Yupo kwenye duara la kusubiri, anapaka ule utomvu wa kunata kwenye mpini wa rungu, glavu ya kushoto imepasuka kidoleni na imefungwa plasta. Hasemi na mtu. Jamaa anasimama, anajaza mapafu, anampigia kelele kwa Kiswahili: "Babu! Pisha watoto!"

Yule kijana akageuka. Akadhani anashangiliwa. Akatabasamu, akainua mkono, akashukuru!

Jamani, akashukuru! Mtu anatukanwa mbele ya uwanja mzima, naye anainua mkono wenye glavu ya plasta kusema asante. Na wenzetu wakacheka mpaka soda zikawatoka puani. Sijalala. Nikifumba macho nauona ule mkono.

Sasa huyo profesa aje hapa aniambie Max Muncy alikuwa nani mwanzoni mwa 2017. Oakland walimtema msimu haujaanza. Dodgers wa Los Angeles wakamwokota kwa mkataba wa ligi ndogo, wakampeleka timu yao ya chini ya Oklahoma City, na mwaka huo Ligi Kuu hakuigusa. 2018 wakampandisha, akapiga homurani 35, yaani mipira inayopaa mpaka nje ya uwanja. 2019 akapiga 35 nyingine. Ile mechi ya tatu ya World Series, fainali ya Ligi Kuu, ya 2018 na Boston, iliyokokotwa mpaka awamu ya 18 badala ya tisa, nani aliwaruhusu watu wakalale? Muncy. Aliyetemwa.

Adolis García je? Februari 2021 Texas walimtoa kwenye orodha yao ya wachezaji 40, ile ya wanaoweza kuitwa Ligi Kuu. Timu nyingine zote 29 ziliruhusiwa kumchukua, na hakuna hata moja iliyojitokeza. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 28, miaka ya "babu" wetu, akafyatua homurani 31. 2023 akawa mchezaji bora wa fainali ya American League, nusu moja ya Ligi Kuu (nyingine ni National League), Texas wakabeba kombe. Mike Yastrzemski alichaguliwa 2013 kwenye uteuzi wa kila mwaka wa vijana, akaiona Ligi Kuu Mei 2019 na San Francisco akiwa na miaka 28, akapiga homurani 21 msimu wake wa kwanza. Justin Turner aliachwa na Mets Desemba 2013, akabadili namna ya kuzungusha rungu, akaingia Dodgers kwa mkataba wa ligi ndogo akiwa na 29, na 2017 akatwaa tuzo ya mchezaji bora wa fainali ya National League pamoja na Chris Taylor. Hawa wote wangekaa jana kwenye lile duara wangeitwa babu!

Mpira unakuja maili 95 kwa saa, una chini ya nusu sekunde kuamua upige au uuache. Jicho la kujua kipi cha kuacha linakuja kwa kuona mipira maelfu kwa maelfu, na wengine linawajia wakiwa na 27. Lakini timu ikishakulipa mamilioni siku ya kukuchagua, itakuvumilia miaka. Aliyesajiliwa kwa hela ya mboga anapewa wiki mbili, akikosea basi la kurudi Triple-A, ngazi ya juu ya ligi ndogo, linamsubiri. Mkataba wa 2023 uliweka kima cha chini cha Triple-A dola 35,800 kwa mwaka. Ligi Kuu kima cha chini 2025 kilikuwa 760,000. Kijana anaiona hiyo tofauti kila asubuhi na bado anafunga glavu yake plasta anaingia uwanjani. Halafu wewe na kofia yako mpya unamwita babu. Naye anainua mkono!

Akashukuru, wakuu. Akashukuru!

Siti_ya_Mbele: Nimeshakaa. Leteni bisi.

Fupisha_Mkuu: Gazeti lote hili kisa mtu kapunga mkono? Naomba muhtasari kwa tusio na mishahara ya Ligi Kuu.

Dada_wa_Westerville: Mimi nilikuwepo na sikucheka, usitujumuishe wote. Na mimi huyo mtu ananikera, mwezi uliopita alimpigia kelele mwamuzi awamu tatu nzima kumbe anamwangalia mwamuzi wa besi ya tatu.

Mganda_Ohio: Huyohuyo aliwahi kuniambia kwenye harusi, mbele ya wakwe, kwamba Waganda tuache besiboli tukalime ndizi. Watoto wa Uganda walifuzu Little League World Series, mashindano ya dunia ya besiboli ya watoto, 2011 wakanyimwa viza, 2012 wale wa Lugazi wakafika Williamsport yanakochezwa, timu ya kwanza kutoka Afrika. 2022 Dodgers wakasajili warushaji wawili Waganda. Ndizi tunalima na besiboli tunacheza. Anzisheni uzi wa hilo, ndilo kubwa.

Hesabu_Kali: Mleta uzi, povu ni zuri ila umeleta waliopona tu. Mike Hessman alipiga homurani 433 ligi ndogo za Marekani, hakuna aliyemfikia. Ligi Kuu alipata 14. Kumi na nne! Unataja wanne waliochelewa wakafika, waliochelewa wakabaki hukohuko hutawamaliza hata ukiandika mpaka krismasi. Na homurani za Triple-A zipime vizuri, kule Albuquerque hewa nyepesi, mpira unapaa wenyewe. Jamaa hana adabu, ila timu zinazopandisha makinda si wajinga.

Mleta uzi: Hesabu_Kali, Hessman namheshimu kuliko wewe na kikokotoo chako. Nani kasema wote watafika? Nimesema asitukanwe anayejaribu! Drew Maggi alikaa ligi ndogo misimu 13. Aprili 26, 2023 Pittsburgh wakamwita Ligi Kuu akiwa na 33, uwanja mzima ukasimama kumshangilia, na akatolewa kwa straiki tatu. Wakamshangilia vilevile! Hao ni watu. Na tarehe hiyohiyo, timu hiyohiyo, 2017, ndipo Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alipopanda akiwa na 27. Alisajiliwa 2008! Mtu wa kwanza kuzaliwa Afrika kucheza Ligi Kuu, na mara ya kwanza kushika rungu akaupiga vizuri mpira wa mrushaji Jon Lester. Angeambiwa apishe watoto tungemwona wapi? Sisi Waafrika ndio tumkejeli mtu kwa kungoja muda mrefu?

Fupisha_Mkuu: Nimeomba muhtasari, umeongeza sura ya pili.

Mtoto_wa_Tanga: Mbona hamjasimuliwa yote? Mleta uzi alipomkemea jamaa, jamaa akamjibu, "Unamtetea kwa sababu na wewe chuo umemaliza na mvi." HAPO ndipo soda zilipotoka puani. Kwa yule mpigaji watu hawakucheka hivyo.

Siti_ya_Mbele: Uwiii! Kumbe povu lina mizizi.

Fupisha_Mkuu: Sasa huo ndio muhtasari.

Mleta uzi: Hilo nililiacha kwa makusudi, halihusiani. Shahada yangu nimeipata, ipo ukutani, na mvi zangu ni za halali. Hoja ni yule kijana. Aligeuka, AKAINUA MKONO. Mtu mzima na akili zake unamfanyia mwenzio hivyo kwa lugha asiyoijua?

Dada_wa_Westerville: Hongera kwa shahada, kaka. Tulikula pilau lako.

Mganda_Ohio: Pilau mimi sikualikwa.

Baba_Mapacha: Mnaongea pilau, mimi nina la soseji. Ile siku ya soseji za senti 10, shemeji yangu alinituma nimpangie foleni, nikambebea kumi na mbili, akala zote, akaniambia "ni senti tu, shemeji". Foleni nani atanilipa? Huyo ndiye wa kuanzishiwa uzi.

Siti_ya_Mbele: Kumi na mbili peke yake?

Baba_Mapacha: Na haradali akajipaka kwenye jezi yangu. Jezi niliyomwazima.

Hesabu_Kali: Dola moja na senti ishirini. Msamehe.

Mleta uzi: Wakuu turudi kwenye mada. Yule kijana...

Mtoto_wa_Tanga: Tukiongelea kuazima, huyo profesa mnayemsema ana jeki yangu ya gari tangu wakati wa theluji. Kila nikimuuliza ananichambulia besiboli.

Baba_Mapacha: Jeki nyekundu, mpini umepinda?

Mtoto_wa_Tanga: Ndiyo! Umeiona wapi?

Baba_Mapacha: Ipo kwangu. Aliniuzia.

Mtoto_wa_Tanga: Alikuuzia JEKI YANGU? Kiasi gani?

Baba_Mapacha: Dola 20, na alisema anapunguza kwa sababu ni undugu.

Dada_wa_Westerville: Mods, kuna haja ya uzi mpya wa jeki.

Mtoto_wa_Tanga: Nimeshaufungua. Njooni wote kule.