Ritifaa ya Ng'apa: tuifute au tuihifadhi, na kwa namba ipi?

Ndugu zangu wa Lindi na Mtwara, naomba tujadili jambo ambalo wengi huliona dogo mpaka siku jina lao linapokataliwa kwenye fomu, nalo ni ritifaa iliyomo katika ng'. Mwenzetu mmoja ameshikilia kwamba majina ya watu na ya mahali yanapoingizwa kwenye kompyuta ritifaa iondolewe kabisa, kwa sababu inasumbua mifumo na msomaji ataelewa tu. Mimi napinga.

Hivi karibuni, katika steshenari ninakochapa kazi za watu hapa Lindi mjini, nililetewa orodha ya wakulima wa korosho iliyokusanywa na watu watatu, nikatakiwa kuwahesabu kwa kila kata. Ng'apa ilitokea mara tatu, kila moja na hesabu yake. Kompyuta huitambua kila alama kwa namba yake. Aliyeandika kwa kibodi ya kompyuta alipata ritifaa iliyonyooka, yenye namba 39 tangu ASCII, msimbo wa mwanzo wa namba hizo wa mwaka 1963. Aliyeandika kwa simu alipata iliyopinda, ambayo katika Yunikodi, orodha ya namba za alama za lugha za dunia, ni namba 8217. Wa tatu hakuweka kitu. Kwa jicho langu ilikuwa kata moja, lakini kwa kompyuta yalikuwa maneno matatu. Tulipoifungua orodha hiyo kwa programu ya zamani ikatoka Ngâ€™apa, maana katika UTF-8, njia ya kuhifadhi namba za Yunikodi, ritifaa iliyopinda huchukua baiti tatu, yaani vipande vitatu vya kumbukumbu, na programu ile iliisoma kila baiti kama alama inayojitegemea.

Je, dawa yake ni kuifuta? Ng'oa ni kitendo tunachoufanyia mhogo shambani, ilhali ngoa ni tamaa au wivu. Kinachoyatenganisha maneno hayo katika maandishi ni ritifaa peke yake, ambayo hapo si alama ya uakifishaji bali ni sehemu ya herufi.

Najua kwa nini mifumo huikataa. Katika SQL, lugha inayotumika kuuliza kanzidata, ritifaa iliyonyooka ndiyo inayofungua na kufunga maandishi, hivyo mtayarishaji programu asiye makini huona wepesi kuipiga marufuku kuliko kutenganisha amri na data. Huo ni uzembe, na si haki mwenye jina aulipie.

Wapo wanaopendekeza tuchukue ŋ, namba 331, inayotumika katika Kiewe cha Ghana na Togo. Ni herufi moja safi, lakini vitabu vyetu vyote vimechapwa kwa ng', na sioni sababu ya kumbadilishia mtoto wa darasa la kwanza alfabeti kwa ajili ya mashine.

Hoja nzito zaidi ni ya wanaotaka namba 700, ritifaa ambayo Yunikodi yenyewe inaipendekeza pale inapofanya kazi ya herufi. Kitaaluma wako sahihi, nami nilisita sana kabla ya kuwapinga. Hata hivyo, kibodi tunazouziwa huku hazina kitufe chake, na mtu akiitafuta Ng'apa kwa ritifaa ya kawaida katika programu inayolinganisha namba kwa namba, hataipata. Kanuni za Yunikodi za kusawazisha maandishi huifanya é iliyoandikwa kwa namba moja iwe sawa na ile iliyoandikwa kwa namba mbili, ya e na ya alama iliyo juu yake, lakini haziunganishi 39, 8217 na 700. Uamuzi huo umeachwa kwetu.

Kwa hiyo napendekeza kila mfumo wa umma upokee ritifaa za namba zote hizo tatu, uhifadhi ng' kwa namba 39, na utafute bila kubagua. Anayetetea namba 700 anieleze karani wa kata, mwenye simu tu mkononi, ataiandikaje. Na anayetaka kuifuta anieleze mtu ambaye ng' imo katika cheti chake cha kuzaliwa atathibitishaje kwamba yeye ndiye huyo aliyesajiliwa bila ritifaa.