Mjadala: Je, ni haki kodi ya fremu Makambako kudaiwa ya mwaka mzima?

Muuza vitenge, Mjimwema
Ndugu zangu wa Makambako, naomba tulijadili jambo hili kwa sababu linatuumiza wengi kila mwaka unapoanza. Anayetafuta fremu, yaani chumba cha duka, karibu na stendi au kando ya barabara ya Songea hudaiwa kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo, na juu yake dalali hutaka kodi ya mwezi mmoja iwe yake. Fremu ya shilingi 80,000 kwa mwezi inameza shilingi 960,000 kabla hujapigilia shelfu wala kununua mzigo. Nimeona watu wakimaliza mtaji wote kwenye pango, wakabaki na fremu nzuri isiyo na bidhaa. Kwa nini halmashauri yetu ya mji isikae na wenye nyumba ili kodi ilipwe kwa miezi mitatu mitatu?

Mwenye nyumba, Lyamkena
Dada yangu, umeandika kwa adabu, lakini mmezoea kutuona sisi wenye nyumba kama watu tuliookota majengo barabarani. Fremu zangu nne nimezijenga kwa fedha za mbao, tofali kwa tofali, bila mkopo wa benki, na kodi ya mwaka ndiyo iliyonunua bati za fremu ya pili na saruji ya tatu. Niliwahi kumpokea mpangaji wa mwezi kwa mwezi, akahama usiku akaniachia deni na kitasa kilichovunjwa. Choo kikijaa ni mimi, rangi ni mimi, kodi ya jengo ni mimi. Mpangaji hachangii hata senti moja kwenye jengo analolitumia.

Fundi cherehani, karibu na stendi
Mzee wangu, shikamoo, lakini hilo la kodi ya jengo siwezi kulinyamazia. Tangu Agosti 2021 kodi hiyo inakatwa kwenye LUKU, yaani umeme wa kulipia kabla, na anayenunua umeme wa fremu yangu ni mimi, kwa simu yangu na kwa fedha ninayoipata kwa kushona sare za wanafunzi. Nikinunua umeme wa kwanza wa mwezi, ujumbe wenye tokeni unanionyesha shilingi 1,000 ya kodi ya jengo, kisha uniti zilizobaki. Jengo ni lako, hati ni yako, kodi naitoa mimi, halafu unaandika mbele ya watu kwamba sichangii hata senti. Ningeomba uliondoe neno hilo.

Karani wa duka la vifaa vya ujenzi
Fundi, hoja yako ni ya kweli ila kiwango hicho ni cha zamani. Tangu Julai 2023 nyumba ya kawaida hukatwa shilingi 1,500 kwa mwezi, yaani 18,000 kwa mwaka badala ya 12,000. Angalia tena ujumbe wako.

Mwenye nyumba, Lyamkena
Kwa hiyo tunagombana kwa shilingi 1,500? Hiyo haifiki hata bei ya sahani ya wali kuku pale stendi.

Mama lishe, stendi
Kwa kuwa nimeingizwa kwenye mjadala, nami nijibu. Mzee, kinachomuuma fundi si ukubwa wa fedha, ni kwamba anailipa na bado anaambiwa halipi. Sisi tunaoamka saa tisa usiku kwenye baridi ya hapa, tukawasha moto ili abiria wa mabasi ya alfajiri wapate chai, tunajua shilingi 1,500 inatoka wapi. Kodi hii ilipoanza, tuliambiwa tuelewane na wenye nyumba zetu, nami nilipomwendea wangu alinijibu kwamba asiyetaka kukatwa atumie koroboi.

Mtumishi mstaafu, Kivavi
Naomba nirudi kwenye swali la kwanza, maana tunalipoteza. Halmashauri haina mamlaka ya kumpangia mwenye nyumba kipindi cha malipo. Zamani tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango ya mwaka 1984, ambayo ilimlinda mpangaji asipandishiwe kodi kiholela, lakini ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo neno la mwisho ni mkataba, na ugomvi wenu mtaupeleka Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nimeona mikataba ya hapa mjini: karatasi moja iliyotolewa nakala mara nyingi hadi maandishi yamefifia, ambapo "miezi sita" imekatwa kwa kalamu na juu yake pameandikwa "mwaka", na mpangaji ametia saini bila kuuliza. Aliyetia saini hapo atalalamika kwa nani?

Muuza vitenge, Mjimwema
Mzee, nakuheshimu, lakini usituambie kwamba tulitia saini kwa hiari. Fremu ikiwa moja na wanaoitaka ni watano, hiari iko wapi? Niliishi Nairobi kwa ndugu yangu, na kule kodi hulipwa kila mwezi baada ya kuweka amana, nayo majengo yanaendelea kujengwa.

Mwenye nyumba, Lyamkena
Ya Nairobi siyajui na sitayajibu. Ila kwa fundi nasema hivi: neno la "hata senti moja" naliondoa. Wapangaji wangu wakiniletea ujumbe wa LUKU mwezi wa Desemba, nitakata shilingi 18,000 kwenye kodi ya mwaka unaofuata. Mwaka mzima kwa mkupuo sitauacha mpaka nipate kinga dhidi ya wanaohama usiku.

Fundi cherehani, karibu na stendi
Nashukuru, mzee wangu. Sasa liandikwe kwenye mkataba, kwa wino, mbele ya mwenyekiti wa mtaa. Na kama hofu yako ni anayehama usiku, chukua amana ya miezi miwili nikulipe kila miezi mitatu. Hapo utapoteza nini?

Mwenye nyumba, Lyamkena
Amana ya miezi mitatu, na kitasa kiwe juu yako. Njoo Jumamosi tuzungumze.

Mama lishe, stendi
Na sisi ambao wenye nyumba wetu hawamo humu?